Mwongozo kamili: pikapu ya zamani yenye kabureta ya kompyuta inasumbua, anzia hapa kabla hujaing'oa

Kuna pikapu za kuanzia kama 1981 mpaka katikati ya miaka ya 80 ambazo sio za kabureta ya kawaida na sio za injekta pia, zina kabureta inayoongozwa na kompyuta. GM mfumo wao waliuita Computer Command Control na kabureta ni Rochester Quadrajet, ile E4ME na ndugu zake. Ford waliweka kompyuta yao ya EEC-IV na kabureta ya Carter YFA ya mdomo mmoja kwenye F-150 za silinda 6 lita 4.9 za 1984 mpaka 1986, na Jeep za lita 4.2 zilikuja na Carter BBD yenye kimota kinachosogeza sindano za ndani. Ilipofika 1987 Ford na GM wakahamia injekta kwenye pikapu zao nyingi, kwa hiyo hizi zilibaki kama watoto wa katikati na mafundi wengi hawakuwahi kuzizoea, ndo maana ukienda na tatizo lolote jibu ni moja tu, ng'oa weka ya kawaida.

Mimi nasema usikimbilie huko. Hii kabureta ikiwa nzima inawaka vizuri asubuhi, inakula mafuta kiasi na haisumbui, na sehemu kubwa ya zinazolaumiwa hazina kosa, kosa liko kwenye mpira uliopasuka au waya wa ethi uliooza. Kompyuta inajitahidi kurekebisha mpaka inafika mwisho wa uwezo wake, na hapo ndo wewe unaanza kuona dalili.

Inafanyaje kazi

Hiki kipande usikiruke, bila hiki vipimo vyote huko chini vitakuchanganya.

Kwenye ekzosi kuna sensa ya oksijeni. Ikishapata moto wa kutosha, nyuzi joto kama 300 hivi, inaanza kutoa volti yake yenyewe, ndogo sana, kati ya 0.1 na 0.9. Ikiwa juu ya 0.45 maana yake mchanganyiko ni mzito, mafuta yamezidi, ikiwa chini ya hapo mchanganyiko ni mwepesi, hewa imezidi. Kompyuta inasoma hiyo volti na kuigusa solenoidi iliyo ndani ya kabureta. Kwenye Quadrajet ya GM solenoidi inapigapiga mara 10 kwa sekunde, ikipata umeme inazivuta sindano za jeti chini na mafuta yanapungua, umeme ukikatika springi inazirudisha juu na mafuta yanaongezeka. Kinachobadilika ni muda inaokaa chini ndani ya kila pigo. Lengo ni kukaa jirani na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya mafuta, kwa sababu katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, inafanya kazi vizuri hapo.

Sasa angalia jambo moja, solenoidi isipopata umeme kabisa, iwe waya umekatika au soketi imechomoka, sindano zinabaki juu na gari inakula mafuta kama haina akili na moshi mweusi juu. Watu wanafungua kabureta nzima kutafuta mafuta yanavuja wapi kumbe ni soketi haijakaa.

Na kompyuta ina hali mbili. Injini ikiwa baridi inaendesha kwa kukariri, inatumia vipimo vilivyoandikwa ndani yake bila kusikiliza sensa ya oksijeni. Injini ikipata moto, sensa ikiamka na muda fulani ukapita, inaingia kwenye hali ya kujirekebisha. Gari inayokwama kwenye kukariri haitakaa sawa hata ubadilishe kabureta tatu.

Vitu vya kuwa navyo

Multimita ya dijitali yenye kinga kubwa ya ndani, megaohm 10, maana ile ya mshale itaiua volti ya sensa ya oksijeni wakati wa kupima. Geji ya vakyumu, yani ya kupima mvuto wa hewa wa injini. Taa ya taimingi, ya kuonyesha plagi inapiga moto wakati gani. Mita ya dweli ya zamani, zile za kupimia platini, huku inapima solenoidi inakaa na umeme muda gani ndani ya kila pigo, usiitupe kama unayo maana huku ndo dhahabu, kama huna basi multimita inayosoma asilimia ya muda itafanya kazi hiyo hiyo. Pampu ya vakyumu ya mkono ikipatikana ni nzuri lakini sio lazima.

Usalama kidogo tu. Fanyia kazi nje au sehemu wazi, moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, unaweza usijue mpaka umechelewa. Weka mawe kwenye matairi, handibreki juu, mtungi wa kuzimia moto karibu, na usichomoe soketi ya kompyuta swichi ikiwa imewashwa, unaweza kuiua hapo hapo.

Hatua ya 1: mipira ya vakyumu

Fungua boneti utafute stika ya moshi, mara nyingi iko kwenye rejeta au chini ya boneti. Ina mchoro wa mipira yote ya vakyumu ya injini hiyo hiyo pamoja na taimingi na resi ya sailensi, yani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta. Ipige picha. Alafu fuata mpira mmoja baada ya mwingine kwa kidole kuanzia unapotoka mpaka unapoishia, usiangalie kwa macho tu, kwa sababu mipira hii inapasuka upande wa chini usioonekana, inakauka mwishoni pale inapoingia kwenye kibomba, na mingine imezibwa na bolti na mtu aliyekuwa na gari miaka 15 nyuma ambaye alijua anachofanya au hakujua. Ukiona umeziba, umekatwa au umepelekwa sehemu sio yake, rudisha kama mchoro unavyosema kabla ya kupima kitu kingine chochote. Mpira wa vakyumu ni rahisi kuliko kila kitu kwenye hii gari, mkavu wote ubadilishe bila huruma.

Weka geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Injini nzima ya moto, ikiwa sailensi, inasoma inchi 17 mpaka 21 ukiwa usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi toa kama inchi moja, kwa hiyo aliye milimani asishtuke kuona 14. Mshale uliotulia ila uko chini ni hewa ya wizi, yani inayoingia pasipotakiwa, au taimingi iliyochelewa. Mshale unaodunda kwa mpangilio ni vali au silinda moja haifanyi kazi. Unaoanza vizuri alafu unashuka taratibu ukipandisha resi, ekzosi imeziba, na kwenye hizi gari katalisti iliyoyeyuka ndani sio kitu cha ajabu maana nyingi zimeendeshwa miaka na mchanganyiko mzito.

Kutafuta hewa ya wizi, bana mpira mmoja mmoja kwa koleo laini usikilize. Pitia gasketi ya chini ya kabureta, bolti zake zinalegea zenyewe kwa joto, zikaze kwa msalaba na usizibane kwa hasira maana utapinda kabureta. Pitia mpira wa buster ya breki, vali ya PCV inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini, na ekseli ya throto, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, zikishachakaa sana zinavuta hewa pembeni na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Wengine wanapuliza spreyi ya kusafishia kabureta pembeni ya gasketi, inafanya kazi ila ni hatari injini ikiwa ya moto, nunua gesi ya propeni na kampira kembamba ukiweza, na kaa mbali na distribyuta na waya za plagi.

Kuna kitu hapa ambacho fundi wa kabureta za kawaida hakitegemei. Ukipuliza gesi kwenye sehemu inayovuja gari ya kawaida inapandisha resi unajua hapo ndo penyewe, ila hii ikiwa kwenye kujirekebisha kompyuta itasawazisha ndani ya sekunde chache na injini haitabadilika sauti sana. Kwa hiyo angalia mita ya dweli wakati unapuliza, ukiona namba inapanda umepata.

Usisahau vali ya EGR, ile inayorudisha moshi kidogo wa ekzosi ndani ya injini. Injini ikiwa sailensi isukume diaframu yake kwa vidole, vaa glovu ni ya moto, injini inatakiwa itetereke au izime kabisa. Isipobadilika njia imeziba kwa masizi. Na kama gari inatetemeka sailensi ila kwenye resi iko poa, chomoa EGR uangalie kama haijabaki wazi kwa kipande cha kaboni kilichokwama.

Hatua ya 2: umeme na ethi

Kompyuta inafanya kazi na volti ndogo ndogo, 0.1 kwako ni kitu kidogo ila kwake ni habari nzito. Betri iwe na 12.6 injini ikiwa imezimwa na alteneta itoe kati ya 13.8 na 14.5 ikiwaka.

Ethi unapima hivi. Multimita kwenye volti, mguu mmoja kwenye hasi ya betri yenyewe sio kwenye klipu, mguu mwingine kwenye bloku ya injini, washa injini na taa na feni. Ukipata zaidi ya 0.2 kuna ethi mbovu. Rudia kwenye bodi, rudia kwenye pini ya ethi ya kompyuta ukiweza kuifikia. Waya za ethi za kompyuta mara nyingi zimefungwa kwenye bolti nyuma ya injini, mtu aliyewahi kushusha injini au kubadilisha gasketi ya sailinda hedi akisahau moja tu unaanza kupata matatizo ya ajabu ajabu ambayo hayana mpangilio, leo inazima kesho haizimi. Fungua, sugua mpaka chuma ing'ae, funga.

Chomoa kila soketi ya sensa uangalie kijani ndani. Ukiona kijani ni kutu, safisha na weka grisi ya umeme.

Hatua ya 3: moto

Plagi, waya, kifuniko cha distribyuta, rota. Hizi unazijua. Ninachotaka ushike ni kwamba silinda inayomisi inatupa hewa isiyoungua kwenye ekzosi, sensa ya oksijeni inaona hiyo hewa, kompyuta inadhani mchanganyiko ni mwepesi inaongeza mafuta. Yani plagi moja mbovu inakufanya uone gari inakula mafuta na plagi zingine nyeusi, na unailaumu kabureta.

Taimingi nayo usiipime kienyeji. Distribyuta nyingi za hizi gari hazina vakyumu ya kusogeza moto, kazi hiyo inafanya kompyuta, kwa hiyo lazima kwanza uiambie kompyuta ikae pembeni. Kwenye GM nyingi unachomoa soketi ya waya nne inayotoka kwenye distribyuta, kwenye Ford ya EEC-IV unachomoa kile kiplagi kinachoitwa SPOUT. Hapo ndo unapima na kuweka kama stika inavyosema, alafu unarudisha soketi. Ukipima bila kuchomoa unapima taimingi ya kompyuta na ukizungusha distribyuta umeharibu.

Gari inayozima ikipata moto na kuwaka tena ikipoa, mshuku moduli ya ignisheni, hasa ile ya Ford iliyobanwa ubavuni mwa distribyuta. Ukiweka mpya paka ile grisi nyeupe ya kupitisha joto, usipopaka itaungua tena.

Hatua ya 4: mafuta

Chujio dogo la karatasi limejificha ndani ya mdomo wa Quadrajet pale bomba linapoingilia, watu wanabadilisha la nje miaka na la ndani hawajui kama lipo. Shika nati kubwa kwa spana moja na nati ya bomba kwa nyingine, usipofanya hivyo utapinda bomba.

Pampu ya kimekanika itoe presha kati ya 4 na 7 psi, na kama nusu lita ndani ya sekunde 30 kwenye chombo, mbali na moto wowote. Pikapu nyingi zina matangi mawili na vali ya kubadilishia, jaribu tangi zote mbili kabla hujahukumu.

Angalia pia kopo la mkaa linalomeza mvuke wa tangi. Likishajaa mafuta ya maji, labda kwa tabia ya kujaza tangi mpaka shingoni, linamwaga mvuke kwenye injini na unapata mchanganyiko mzito ambao hauna chanzo ndani ya kabureta. Bana mpira wake uone dweli inafanya nini.

Hatua ya 5: joto

Themostati ikibaki wazi injini haipati moto, kompyuta inabaki kwenye kukariri, choki inachelewa kufunguka, mafuta yanaisha. Mtu ametoa themostati kabisa ili gari isichemshe? Irudishe, ya nyuzi ileile iliyoandikwa kwenye stika au kitabu, alafu tafuta sababu ya kuchemsha.

Choki ya umeme ikiwa ya moto lazima iwe imesimama wima kabisa. Toa ekilina uangalie kwa macho.

Hatua ya 6: namba za hitilafu

Kwenye GM tafuta soketi ya chini ya dashibodi upande wa dereva, unganisha matundu mawili ya mwisho kulia ya mstari wa juu kwa kipande cha waya, A na B, alafu washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya CHECK ENGINE itapepesa mara moja, itanyamaza kidogo, mara mbili. Hiyo ni 12, inarudiwa mara tatu na inasema kompyuta haipokei mapigo ya distribyuta, kitu ambacho ni sawa maana injini haijawaka. Usipoipata hata 12 basi taa, fyuzi au kompyuta yenyewe ina shida, malizana na hiyo kwanza. Baada ya 12 zinafuata zilizohifadhiwa.

13 ni sakiti ya sensa ya oksijeni iko wazi. 14 na 15 ni sensa ya joto la maji, 14 inasema moto kupita kiasi au waya umegusana, 15 inasema baridi kupita kiasi au waya umekatika. 21 ni sensa ya throto. 23 na 54 ni sakiti ya solenoidi ya mchanganyiko. 34 ni sensa ya vakyumu. 41 na 42 zinakupeleka kwenye distribyuta na waya zake. 44 ekzosi nyepesi, 45 ekzosi nzito.

Kwenye Ford ya EEC-IV soketi iko ndani ya boneti, ile yenye pembe, na pembeni yake kuna kasoketi ka waya mmoja. Unaunganisha kale na pini ya ethi ya sensa, unafanya mara mbili, kwanza injini imezimwa swichi iko on, alafu injini ikiwaka na ya moto. Unahesabu mipepeso ya taa au mshale wa mita unavyoruka. 11 ni salama. 21 joto la maji, 22 presha ya manifoldi, 23 throto, 41 nyepesi, 42 nzito.

Sasa tafadhali, 44 ya GM au 41 ya Ford haimaanishi sensa ya oksijeni imekufa. Inamaanisha sensa inaripoti hewa nyingi, na inaweza kuwa inasema ukweli mtupu. Hewa ya wizi, mafuta hayafiki, silinda inamisi, au gasketi ya ekzosi inavuja kabla ya sensa na kuvuta hewa ya nje. Kubadilisha sensa kwa sababu ya namba tu ni kumfukuza mjumbe aliyekuletea habari.

Hatua ya 7: dweli, hapa ndo kuna majibu yote

Hii ni ya GM hasa, na kwa mtazamo wangu ndo kipimo bora kuliko vyote kwenye hizi gari. Karibu na kabureta kuna kasoketi ka plastiki ya kijani kenye waya mmoja kasichoenda popote. Unganisha mita ya dweli hapo, mguu mwingine kwenye ethi, na uiweke kwenye skeli ya silinda 6 hata kama injini yako ni V8. Watu wengi wanakosea hapo. Kwenye skeli hiyo nyuzi 60 ni sawa na asilimia 100, 30 ni nusu, chini kabisa kompyuta inaenda 6 na juu kabisa 54. Ukitumia multimita ya asilimia, hakikisha inahesabu muda ambao solenoidi ina umeme, mita zingine zinasoma kinyume. Kujua ni rahisi, funika mdomo wa kabureta nusu kwa choki, dweli inatakiwa ipande, kama namba zako zinashuka basi mita yako iko kinyume.

Washa injini, iache ipate moto kabisa, shika resi ya kati dakika kadhaa ili sensa iamke. Sasa soma.

Namba inacheza cheza, inapanda inashuka jirani na 30 au 35, haitulii. Hiyo ndo afya. Kompyuta inasikiliza na kabureta inatii, tatizo lako kama bado lipo litafute kwenye moto, pampu ya kusukumia mafuta ya kuondokea, au injini yenyewe.

Namba imeganda haichezi. Uko kwenye kukariri. Sensa ya maji inadanganya, sensa ya oksijeni imekufa au imepoa, waya umekatika. Jaribu kushika resi ya juu kidogo dakika mbili, ikianza kucheza ujue sensa inapoa ukiwa sailensi, mara nyingi ni uzee.

Namba iko chini, 6 au 10, haitoki hapo. Kompyuta imeongeza mafuta mpaka mwisho na bado inaona hewa. Rudi hatua ya 1, angalia ekzosi kabla ya sensa, angalia jeti zilizoziba, angalia boya liko chini.

Namba iko juu, 50 au 54. Imepunguza mpaka mwisho na bado inaona mafuta. Boya limezama, sindano ya boya haifungi, choki haijafunguka, kopo la mkaa limejaa, oili ya injini imechanganyika na petroli na mvuke unapanda kupitia PCV. Chomoa PCV kwenye kava la vali uone, dweli ikishuka sana badilisha oili kabla hujafungua kabureta.

Umeshika mantiki? Dweli ya chini sio gari nzito, ni kompyuta inajibu wepesi. Namba inakuonyesha dawa, ugonjwa ni kinyume chake.

Kuthibitisha kwamba mzunguko wote uko hai, ukiwa kwenye kujirekebisha chomoa mpira mkubwa mmoja wa vakyumu, dweli lazima ishuke. Rudisha, sukuma choki kidogo kwa mkono, dweli lazima ipande. Ikijibu pande zote mbili sensa, kompyuta na waya ni vizima, acha kuvituhumu.

Na kuthibitisha kabureta yenyewe inatii, unganisha yale matundu mawili ya chini ya dashibodi, chomoa soketi ya solenoidi kwenye kabureta, peleka kale kawaya ka kijani kwenye ethi, shika resi 3000, usiisogeze throto, alafu rudisha soketi ya solenoidi. Sasa imevutwa chini moja kwa moja, mafuta yamekatwa kwa kadiri inavyoweza, resi inatakiwa ianguke 300 au zaidi kwenye injini nyingi. Isipoanguka sindano hazishuki au mafuta yanapita njia nyingine, na hapo sasa una haki ya kufungua kabureta.

Hatua ya 8: sensa

Throto: inapewa volti 5, sailensi inarudisha jirani na 0.5 na ukikanyaga mwisho inapita 4. Kanyaga polepole uangalie namba ipande laini bila kuruka, sehemu inayoruka ndo pale gari inapojikwaa ukiwa unaondoka.

Joto la maji: chomoa upime ohm. Injini ya baridi kwenye nyuzi 20 inasoma kama 3,400 kwa GM, ikifika 100 inashuka mpaka jirani na 185. Usichanganye na ile ya geji ya dashibodi, ni mbili tofauti.

Oksijeni: usiipime ohm kamwe, volti tu. Ikiwa nzima inaruka chini na juu ya 0.45 mara kadhaa ndani ya sekunde chache. Petroli yenye risasi inaiua, maji ya rejeta yanayovuja ndani yanaiua, na silikoni ya kubandikia gasketi isiyo ya aina salama inaiua pia, inabaki na unga mweupe puani. Ya waya mmoja inapata ethi kupitia ekzosi, kwa hiyo ekzosi yenye kutu ni sensa isiyo na ethi.

Solenoidi: ohm kama 20, ikiwa chini ya 10 usiirudishe maana inaweza kuunguza kompyuta mpya.

Hatua ya 9: kabureta yenyewe

Umefika hapa na vipimo vinaielekeza, sawa fungua. Piga picha kila unachotoa. Boya la ile povu nyeusi lipime uzito au linganisha na jipya, linafyonza petroli miaka hadi linazama, na macho hayaoni. Kwenye Quadrajet angalia vizibo vya visima chini ya bakuli, vinavuja taratibu na asubuhi unakuta bakuli tupu unapiga starta muda mrefu. Pampu ya kuondokea ikiwa imekauka mdomo ndo ile gari inasita ukikanyaga, angalia ndani ya kabureta injini ikiwa imezimwa, kanyaga, lazima uone mkondo wa petroli mara moja bila kuchelewa.

Skrubu zilizofunikwa na vizibo vya chuma, zile za kuweka kikomo cha sindano na za mchanganyiko, ziache. Ziliwekwa kiwandani kwa geji maalum. Kama mtu alishazichokonoa, tafuta geji na kitabu cha kabureta hiyo hiyo, usizungushe kwa masikio.

Na kama bado unataka kuing'oa

Kabureta ya kawaida peke yake haitoshi. Ukitoa kompyuta taimingi haina wa kuisogeza, kwa hiyo unahitaji distribyuta yenye vakyumu na vyuma vyake vya uzito vya kusogeza moto. Kama gari ni otomatiki, kwenye GM nyingi kompyuta ndo inafunga klachi ya tokonveta, bila hiyo giaboksi inachemka barabara ndefu. Na kama unapoishi gari inapimwa moshi itakataliwa. Wanaobadilisha kabureta tu na kuacha distribyuta ya kompyuta ndo wale wanalalamika gari haina nguvu na inachemsha.

Ukishamaliza

Zima swichi, toa waya wa hasi wa betri kwa dakika moja, namba zitafutika. Rudisha, iwashe ikiwa baridi kabisa, endesha mpaka ipate moto na uendelee kwenye mwendo tofauti tofauti kama nusu saa, maana hitilafu zingine zinahitaji muda ndo zijiandike. Rudi, soma namba, weka mita ya dweli tena ukiwa sailensi na ukiwa resi 3000. Ikicheza katikati sehemu zote mbili funga boneti. Ikicheza katikati sailensi ila ikaganda chini ukipandisha resi, mafuta hayatoshi huko juu, anza na chujio la ndani ya mdomo wa kabureta na presha ya pampu.